Marehemu Tunaowaita Watoro

Kila ifikapo tarehe 1 Desemba, mbele ya taifa huwekwa asilimia. Utafiti wa kitaifa wa VVU na UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulitupatia tatu za kujivunia: kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa; na kati ya waliotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Kwa nchi iliyowapokea wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983 bila kidonge hata kimoja cha kuwapa, na iliyoanza kugawa dawa bure mwaka 2004 huku wengi wakiambiwa wangoje mpaka kinga yao iporomoke kwanza, haya si mafanikio madogo. Sina ugomvi nayo. Wala sitaki msomaji aifunge makala hii akidhani nimedai kwamba dawa hazifanyi kazi. Dawa zinafanya kazi, na ndiyo maana ninauliza kwa nini wako watu wanaozitumia na bado wanakufa.

Swali hili nimelibeba kutoka Tarime na Serengeti, wilaya mbili za mkoa wa Mara ambako nina jamaa na ambako nimezika watu kadhaa. Lakini kabla hatujafika huko, tukae kidogo na zile asilimia.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuuliza swali moja mbele ya asilimia yoyote: asilimia ya nini? Watafiti wa 2022–2023 walibisha hodi kwenye kaya na kuchukua damu ya watu waliowakuta hai. Hakuna njia nyingine ya kufanya utafiti wa namna ile, na siwalaumu. Ila matokeo yake ni kwamba mgonjwa aliyeanza dawa mwezi Machi akafariki mwezi Mei hayumo miongoni mwa waliofubaza virusi, wala hayumo miongoni mwa walioshindwa kuvifubaza. Ametoka kwenye kiasi cha sehemu ile na ametoka kwenye asili yake. Kifo chake hakiishushi asilimia. Kwa hesabu kavu, mara nyingi kinaipandisha, kwa kuwa anayekufa mapema ndiye ambaye virusi vyake vilikuwa havijafubaa. Taifa linaweza kufikia lengo la 95 tatu huku likiendelea kuzika, na bado pasiwe na mtu aliyedanganya takwimu.

Basi wafu hao huandikwa wapi?

Nenda katika kliniki yoyote ya tiba na matunzo, ambayo wagonjwa wenyewe huiita CTC. Mgonjwa hupewa kadi yake, CTC1, anayokwenda nayo nyumbani. Kliniki hubaki na faili lake, CTC2, ambamo kila hudhurio huandikwa: uzito, dawa, dalili, tarehe ya kurudi. Asiporudi siku aliyopangiwa, hutafutwa. Simu hupigwa, ikishindikana, mtoa huduma ngazi ya jamii hutumwa kijijini. Asipopatikana kabisa, jina lake huhamia katika orodha ambayo kwa lugha ya ofisini ni ya waliopotea katika ufuatiliaji, na kwa lugha ya korido ni ya watoro.

Utoro ni neno la shule na la jeshi. Neno hili hutoa hukumu kabla ya ushahidi, maana mtoro ana kosa. Hutafutwa ili arudishwe na aonywe, na hakuna anayetarajia kwamba atakayefika nyumbani kwake atakuta kaburi. Mwaka 2009 Martin Brinkhof na wenzake walikusanya pamoja tafiti zilizowafuatilia majumbani wagonjwa wa aina hii katika nchi maskini, nyingi zikiwa za Afrika. Kwa wastani, katika kila watoro 100 ambao habari zao zilipatikana, 40 walikuwa wamekwisha kufa. Kulikuwa na mahali ambapo walikuwa 12, na mahali pengine 87. Tafiti hizo ni za zama ambazo wengi walianza dawa wakiwa taabani, na sidai kwamba uwiano ni uleule leo. Ninachodai ni kwamba neno mtoro limewafunika pamoja aliyehama, aliyechoka, aliyekata tamaa na aliyekufa, na kwamba mganga asiyejua tofauti yao hawezi kujua nini kinawaua wagonjwa wake.

Tarime na Serengeti ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu sababu halali za kupotea ziko nyingi, na wafu hujificha vizuri katikati yake. Sirari ni mpaka unaovukwa kwa miguu. Upande wa pili ni Isebania, na Wakurya wako pande zote mbili, wakioana, wakiuziana ng'ombe na kuzikana. Mgonjwa wa Tarime anaweza kuchukua dawa Migori kwa shangazi yake, na huku Tanzania akahesabiwa mtoro huku akiwa buheri wa afya. Nyamongo ni dhahabu: vijana huja kutoka Geita na Shinyanga, hukaa msimu mmoja, huondoka usiku bila barua ya uhamisho, na wengine hufungua faili jipya kwa jina jipya huko waendako. Serengeti kwa upande wake ni wilaya ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni hifadhi. Vijiji vimesogezana pembeni mwake, Mugumu ndio mji, na mvua ikikaza, safari ya kufika mjini ni ya siku nzima. Wafugaji huhama na mifugo. Wanaume huondoka. Na simu ya kijijini mara nyingi ni ya nyumba nzima, kwa hiyo muuguzi anayepiga hawezi kujitambulisha kwa aliyepokea, na aliyepokea hana sababu ya kumwambia mgeni habari za ndani.

Nitasimulia kisa kimoja, na mama wa marehemu ndiye aliyeniruhusu. Kijana wa ukoo wetu, dereva wa bodaboda wilayani Serengeti, alipima, akakubali majibu, akaanza dawa siku hiyohiyo. Alikuwa amekonda, lakini alitembea mwenyewe. Wiki ya tatu kichwa kilianza kumuuma. Alikwenda katika zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja, akapewa dawa za malaria. Alirudi baada ya siku nne, kichwa kikiwa hakijamwachia, akaambiwa ana taifodi pia, kama ambavyo nusu ya watu wazima wa mkoa ule huambiwa wakati wowote wanapojisikia vibaya. Wiki ya tano alianza kuona vitu viwili viwili, shingo ikakakamaa, akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya ndugu zake wawili. Hakufika hospitalini. Msibani ilitangazwa kwamba ni malaria iliyopanda kichwani. Mwezi uliofuata simu yake iliita, na sauti ya kike isiyojitambulisha ikamuulizia. Mama yake, ambaye hakujua ni nani anayepiga wala anamtakia nini mwanawe, alijibu neno ambalo mama wa Kiafrika humjibu mtu asiyemjua: "Amesafiri." Faili lilipata jibu lake, na kijana akawa mtoro.

Sina kipimo cha maabara cha kuthibitisha kilichomuua. Lakini mtu yeyote aliyesoma habari za ugonjwa huu ataitambua njia aliyopita, kwa kuwa imekanyagwa na wengi. Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Hospitali ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara, na ni ya vijijini kama hizi zetu. Mwaka 2008 Asgeir Johannessen na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 320 walioanza dawa hospitalini hapo kati ya mwaka 2003 na 2006. Wagonjwa 95 walikufa, na kati yao 59 walikufa ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Tuzingatie hili. Kifo cha mgonjwa wa VVU hakikuwa kikingoja mwishoni mwa safari ndefu ya kuchoka na vidonge. Kilikuwa kimekaa mlangoni. Na dalili mojawapo iliyokitabiri kwa nguvu ilikuwa upungufu mkubwa wa damu, jambo ambalo kipimo chake ni tone moja na bei yake ni ndogo.

Kwa nini mlangoni? Kwanza, mtu hufika akiwa tayari amebeba ugonjwa mwingine. Dawa za kufubaza virusi huzuia virusi visizaliane. Haziui bakteria wa kifua kikuu waliokwisha kutambaa kwenye tezi na tumbo, wala haziui fangasi waliokwisha kuingia kwenye utando wa ubongo. Pili, kinga inapoanza kuamka baada ya wiki chache, huwakuta maadui hao ndani ya nyumba na kuanza nao vita vikali, na wakati mwingine vita vyenyewe ndivyo huvunja nyumba. Mgonjwa huyo huzidiwa baada ya kuanza dawa, na jirani anayetazama huhitimisha kwamba dawa ndizo zilizomuua. Uvumi huo una chanzo, na hautazimwa kwa mabango ya "tumia dawa kwa usahihi". Utazimwa kwa kuwatafuta maadui wale kabla ya kinga kuamka.

Adui wa kwanza ni kifua kikuu. Mapitio ya tafiti za upasuaji wa maiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba takriban watu wazima 4 katika kila 10 waliokufa wakiwa na VVU walikuwa na kifua kikuu, na karibu nusu ya hao walikuwa hawajagundulika hadi wanaingia kaburini. Si kwamba wauguzi ni wazembe. Mtu ambaye kinga yake imeisha mara nyingi hakohoi kama tunavyofundishwa kwamba mwenye kifua kikuu hukohoa. Hana makohozi ya kutoa, na picha ya kifua inaweza kuonekana safi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza kipimo cha mkojo kwa wagonjwa wa aina hii. Mkojo kila mtu anao.

Adui wa pili ndiye ninayemshuku kwa yule kijana: homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi. Huanza na kichwa, taratibu, kwa wiki kadhaa, bila kelele. Kipimo cha kuigundua mapema, hata kabla kichwa hakijauma, ni cha tone la damu na majibu yake hutoka katika dakika chache. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukiongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Waliingizwa wagonjwa 1,999 ambao kinga yao, yaani CD4, ilikuwa chini ya 200. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mambo mawili: kipimo kile cha fangasi, na kutembelewa nyumbani katika wiki za mwanzo na watu wa kawaida waliofundishwa, wasio madaktari wala wauguzi. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa asilimia 18. Katika la pili, asilimia 13. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Ni Watanzania waliofanya kazi hiyo, kwa wagonjwa wetu, kwa vitu ambavyo havihitaji jengo jipya wala mashine ya kukata utepe.

Sasa tuulize: ili umpime mtu fangasi au umpime mkojo, lazima ujue kwamba kinga yake iko chini. Na hapa mafanikio yetu yenyewe yametuchezea. Tangu Oktoba 2016 Tanzania hufuata mwongozo wa kumwanzishia dawa kila anayekutwa na virusi, bila kungoja CD4 ishuke. Ulikuwa uamuzi sahihi, na umeokoa watu wengi. Lakini kipimo cha CD4, kilipokoma kuwa tiketi ya kuingilia kwenye dawa, kilianza kuonekana hakina kazi. Tukahamia kwenye wingi wa virusi, kipimo kinachotuambia kama dawa zinafanya kazi miezi kadhaa baadaye. Anayekufa wiki ya tano hakifikii kipimo hicho. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuona pengo hili, likatoa mwongozo wa wagonjwa wanaofika kwa kuchelewa, na likasema wazi kwamba CD4 bado inahitajika ili kuwatambua. Mwongozo ukiwapo na vitendanishi visiwepo katika kliniki ya kata, mgonjwa hapati faida yoyote ya mwongozo.

Katika semina za mijini nimesikia jibu jepesi zaidi. Husemwa kwamba Wakurya wana wake wengi, wana ukeketaji, wana nyumba ntobhu, wanaume wao ni wabishi, basi ungetarajia nini? Mimi si mtetezi wa kila mila; ukeketaji nimeupinga hadharani na nitaendelea kuupinga. Lakini hoja hii ni ya uvivu. Mila zinaweza kusaidia kueleza namna virusi vinavyosambaa. Haziwezi kueleza kwa nini mtu aliyekwisha kupima, akakubali, akafungua faili na kumeza vidonge, alikufa wiki ya sita. Pale mlangoni pa CTC mgonjwa amekwisha kutimiza yote tuliyomtaka atimize. Kuanzia hapo deni ni letu. Tuna methali isemayo mficha maradhi, kilio humfichua, na huwa tunaisoma kama karipio kwa mgonjwa. Yule kijana hakuficha kitu. Alisema kichwa kinamuuma, mara mbili, kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Wengine hukumbusha kikombe cha Loliondo, na wana haki. Mwaka 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe chake kwa shilingi 500 kijijini Samunge, upande wa pili wa hifadhi hiyohiyo ya Serengeti, na watu wa Kanda ya Ziwa walimiminika. Wako walioacha dawa baada ya kunywa, na wako waliokufa kwa kuziacha. Ila nakumbuka pia kwamba waliopigwa picha wakikinywa walikuwamo wakubwa wa nchi, na kwamba magazeti yalituhesabia kilomita za foleni ya magari; sikumbuki gazeti lililotuhesabia makaburi yaliyofuata. Tabia ya kuhesabu wanaokuja na kutohesabu wanaoondoka haikuanzia hospitalini.

Kuna vifo vya aina nyingine, na hivi vinaongezeka kwa sababu ya neema: watu wanaishi muda mrefu. Mama aliyeanza dawa akiwa na miaka 35 leo ana zaidi ya 50. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2014 uliwapima shinikizo la damu watu wa makundi matatu. Walikutwa nalo asilimia 16.3 ya wasio na VVU, asilimia 5.3 ya wenye VVU ambao hawajaanza dawa, na asilimia 28.7 ya waliokuwa kwenye dawa kwa zaidi ya miaka 2. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara 6 zaidi ya mwenzake asiye na VVU. Dawa zake za kufubaza virusi ni bure. Dawa ya presha ni ya kununua, kipimo cha figo ni cha kulipia, na matibabu ya mionzi kwa mtu wa Mugumu maana yake ni nauli ya Mwanza na mahali pa kulala. Anaweza kufa kwa kiharusi akiwa na virusi vilivyofubaa kabisa, na kitabu cha kliniki kikamhesabu kuwa mgonjwa wa mfano hadi siku ya mwisho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ingepaswa kuwa na habari njema kwa mama huyu. Nitaisadiki nitakapoona kadi mkononi mwake.

Tangu mwaka 2025 jambo hili limekuwa la haraka zaidi. Tarehe 20 Januari mwaka huo rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa. Mjadala wetu wa umma ulijikita kwenye vidonge: je, vitakuwepo? Ni swali la haki. Lakini fedha za wafadhili zilikuwa zikilipa pia watu ambao jina lao halimo katika orodha ya watumishi wa halmashauri: waingizaji takwimu, wapiga simu, watoa huduma waliokwenda kijijini kwa baiskeli kumtafuta aliyekosa kliniki. Hawa ndio waliokuwa wakiweza kutofautisha mtoro na marehemu. Vidonge vikipungua, kelele zitasikika mpaka bungeni. Anayeulizia wafu akiondoka, hakuna atakayelalamika, maana wenye kulalamika wamekwisha kuzikwa.

Napendekeza nini? Tufanye kwa wagonjwa hawa kile ambacho tayari tunakifanya kwa akina mama. Mama akifa kwa uzazi Tanzania, taarifa hutakiwa itolewe ndani ya saa 24, na kikao hukaa kuuliza: alifika lini, nani alimpokea, damu ilikuwepo, gari lilikuwepo, nini kingefanyika tofauti? Waganga huviogopa vikao hivyo, na najua viko vinavyogeuka kuwa mahakama ya mkunga mmoja mnyonge. Hata hivyo, vifo vya uzazi kwa mujibu wa tafiti za kitaifa vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015–2016 hadi 104 mwaka 2022. Sisemi kwamba vikao peke yake vilifanya kazi hiyo. Nasema kifo cha mama kilipokuwa tukio la kutolewa maelezo, mfumo ulianza kuogopa kukisababisha. Kifo cha mtu aliye kwenye dawa za VVU bado hakiogopwi na mtu yeyote serikalini.

Wataniambia kwamba wengi hufia nyumbani, na kwamba daktari hawezi kujua sababu ya kifo ambacho hakukiona. Nchi hii ina uzoefu wa kujibu hilo. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa Wizara ya Afya uliojulikana kama AMMP ulifuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kwa kuwahoji wafiwa kwa utaratibu maalumu: marehemu alianza kuumwa nini, kwa muda gani, alikohoa, aliharisha, shingo ilikakamaa? Madaktari walisoma majibu na kukadiria sababu. Na anayesafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Tarime hupita Kisesa, wilayani Magu, mahali ambapo watafiti wa Mwanza wamefuatilia uhai na vifo vya wakazi, pamoja na VVU, tangu mwaka 1994. Basi halisimami hata dakika kumi. Ujuzi upo njiani, tunaupita kila siku.

Pingamizi lenye uzito ni la siri. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda usiri wa mgonjwa, na mauti hayaondoi aibu ambayo jamii itawabebesha mjane na watoto. Mtendaji wa kijiji anayetoa kibali cha mazishi hapaswi kupewa orodha ya wagonjwa wa CTC. Siku hiyohiyo ingekuwa imefika kilabuni. Kwa hiyo mahojiano lazima yafanywe na kliniki yenyewe, na kwa maoni yangu yafanywe hasa na WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU ambao tayari hufanya kazi ya kuwatia moyo wenzao. Wao wanajua kuingia msibani kama watu wa kawaida, kukaa, kunywa chai, na kumuuliza mama swali ambalo kwenye simu angejibu kwamba mwanawe amesafiri. Walipwe kwa kazi hiyo kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Tarime ina mgodi wa dhahabu na Serengeti ina watalii. Sitakubali kuambiwa kwamba wilaya hizi mbili haziwezi kuwalipa watu 20 posho ya mwezi.

Pamoja na hilo, vitendanishi vya CD4, kipimo cha mkojo cha kifua kikuu na kipimo cha fangasi viandikwe katika mpango wa bajeti wa halmashauri kwa majina yake, si kufichwa ndani ya kifungu cha "vifaa tiba vingine", ili diwani ajue anachopitisha na mwananchi ajue anachodai. Mganga aliyeko zahanati aelekezwe kwa maandishi kwamba mtu aliyeanza dawa ndani ya miezi 3 na anayelalamika kichwa hatibiwi malaria mara ya pili bila kupelekwa mbele.

Wanafunzi wangu watokao Mara, na wako wengi, huniuliza waanzie wapi. Waanzie kwenye baraza la madiwani, ambalo vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Wamtafute diwani wao kabla ya kikao cha robo ijayo na wamwombe amuulize mganga mkuu wa wilaya swali moja, majibu yaandikwe kwenye muhtasari: kati ya wagonjwa walioandikwa kuwa watoro katika robo iliyopita, wangapi wako hai?